Je, Tuwaache Walio Chini ya Maji?

Chombo kizamapo ziwani, na tumaini la kuwapata wazima likiisha, swali moja huzuka: Je, ni haki kutumia fedha nyingi, na kuhatarisha maisha ya wazamiaji, kwa ajili ya maiti na mabati? Wako wasemao ya kuwa wafu hawahitaji kitu, na fedha hizo afadhali zinunue dawa. Neno hilo lina sura ya hekima. Lakini na tulipime.

Msomaji aliyeko Kwashemshi, katikati ya mashamba ya mkonge ya Korogwe, yuko mbali na Ziwa Viktoria. Hata hivyo jibu analo. Kijijini mwake mtu akifa, majembe ya shamba huwekwa chini, wala hakuna aulizaye faida ya kuchimba kaburi. Kanisa nalo lahesabu kuzika wafu kuwa tendo la huruma, kwa sababu mwili huo utafufuliwa. Tobiti aliacha chakula chake mezani, akaenda kuichukua maiti ya ndugu yake Mwisraeli.

Lakini huruma ina utaratibu wake: kwanza walio hai. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikaelea kifudifudi, na waliokuwa ndani wakasikika wakigonga. Ikatobolewa tundu ili waokolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama. Nia ilikuwa njema, maarifa hayakutosha. Wazamiaji wa Afrika ya Kusini walikuja kusaidia kutoa maiti. Wengi wakazikwa Igoma. Wengine hawakupatikana, na meli ikaachwa chini.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Siku ya tatu fundi mmoja akatolewa humo akiwa mzima. Kama watu wangalikata tamaa mapema, naye angalihesabiwa pamoja na wafu. Siku chache baadaye kivuko kikageuzwa na kuvutwa ufukweni.

Basi, yatupasa kuwatafuta wafu kwa kadiri ya uwezo wetu, wala gharama isiwe kisingizio. Lakini mzamiaji asitumwe kufa kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Palipo kina kisichofikika, ziwa lenyewe ni kaburi. Na tuliombee, kwa maana Mungu awajua walalao humo.

Tena kuna deni lililo kubwa zaidi. Kivuko cha Ukara kiliruhusiwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nani aliwahesabu walipopanda? Hata basi lipitalo Korogwe likiwa limejaa hadi mlangoni lina dhambi iyo hiyo: ya apakiaye kwa tamaa ya nauli, na yetu sisi tujipenyezao tukijua. Tusiwe hodari wa kutafuta maiti, na wavivu wa kuhesabu wazima.