Nani Kamleta Mdudu?

Kuna samaki mdogo anaitwa Hongi. Jina kalipata kwenye kisiwa cha Hongi, upande wetu wa Ziwa Nyasa, na kwa jina hilohilo wazungu wanamfuga sebuleni, ndani ya kioo. Sisi wa Ruanda, huku juu kwenye kahawa na makaa ya mawe, wengi hatujawahi kumwona. Dunia hii bwana!

Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: samaki wa sebuleni akiugua, mwenye kosa ni mdudu au mwenye kioo?

Chukua samaki wa maji chumvi, wale wa mapambo wanaovuliwa hata pwani ya Kenya na kusafirishwa nje. Wana kimelea kiitwacho kriptokarioni, kinachowatoa vidoti vyeupe kama punje za chumvi. (Hongi, wa maji baridi, naye ana wa kwake anayefanana na huyo, ingawa si ndugu wa damu.) Kimelea hula ngozi na mashavu ya samaki siku chache, hudondoka, hujifunga ganda chini, halafu hutoa watoto, pengine 200 au zaidi. Watoto hao wana kama siku moja au mbili za kumpata samaki; wasipompata, wanakufa. Baharini wengi wanakufa. Bahari ni kubwa, samaki kashaondoka zamani. Ndani ya kioo aende wapi?

Mdudu kafanya kazi yake ileile ya miaka yote. Kilichobadilika ni ukuta, na ukuta una mwenyewe.

Basi mwenye ukuta anadaiwa nini? Kwanza subira. Samaki mgeni akae chombo cha peke yake wiki 4 hadi 6, aangaliwe, ndipo achanganywe na wenyeji. Mlipuko ukishatokea, samaki wote watolewe, watibiwe pembeni kwa dawa ya shaba iliyopimwa vizuri, maana shaba inaua pia kamba na matumbawe. Kioo nacho kikae bila samaki, wengine wanashauri hadi siku 76, mdudu afe njaa. Asiye na uwezo wa chombo cha pili, mimi naona hakuwa na haki ya kununua cha kwanza. Kali? Sawa, iwe kali.

Jamaa yangu alinicheka. "We si unamaliza sahani nzima ya usipa?" Kweli, na mbasa nabanika. Lakini usipa sijamfungia. Akadakia: na ng'ombe wa mzee zizini? Nikamwambia, ndiyo maana mzee anawapeleka josho.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Kusini mwa ziwa hilihili, nchini Malawi, watafiti waliona kichocho kikizidi ufukweni tangu katikati ya miaka ya 1980. Maelezo yao: samaki wanaokula konokono walivuliwa mno, konokono wakaongezeka, na konokono ndiye abebaye mdudu wa kichocho. Kumbe samaki alikuwa daktari wetu, hana mshahara, wala hatukumjua. Hapo hakuna kioo wala sebule, watoto wanaoga tu.

Tangu nisome hayo, nikimkuta mtu anavuta kokoro la matundu madogo kule Mbamba Bay, namwuliza mwanawe anaoga wapi.

"Hapahapa," ananijibu.