Tazama Maji Yanakokwenda

Wanangu, mmenifuata hapa Rodi Kopany na vizibao vyenu vipya vinavyong'aa, bado vina harufu ya duka, mkaniomba neno kabla ya kuanza kazi ya barabara Jumatatu. Mnaniita jaduong', yaani mzee, nami naitika, maana mvi hizi sikuzinunua. Ketini. Mkisahau yote nitakayosema, shikeni hili moja: kabla hujashika jembe, tazama maji yanakwenda wapi.

Nilipoanza kazi, Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini. Serikali ilikuwa na mpango wa barabara za mashambani, ulioanza mwaka 1974, wa kutengeneza njia kwa jembe na karai zaidi kuliko kwa mashine. Barabara ikimalizika, mtu anayekaa kando yake alipewa kipande cha kilomita moja na nusu hivi akitunze. Nami nikapewa changu, pamoja na panga, sururu, fyekeo na wilbaro iliyolia njia nzima.

Mwezi wa kwanza nilikuwa shujaa wa mashimo. Asubuhi najaza changarawe, nashindilia, najisifu. Usiku mvua inanyesha, na kukicha shimo limerudi palepale, tena limeleta mwenzake. Siku moja msimamizi akaja kwa baiskeli. Hakunigombeza. Alinipandisha kama hatua ishirini juu ya shimo, akaniambia niinue nyasi za mtaroni. Chini yake palikuwa na tope, magunzi ya mahindi na kiatu kimoja cha mtoto, vimejazana mpaka juu. Maji yalikuwa yamenyang'anywa njia yao, nayo yakachukua yetu. Nilizibua nusu siku. Baada ya hapo nililijaza lile shimo mara moja tu.

Kwa hiyo mtu akiwaonyesha shimo, mshukuruni, kisha ulizeni maji yametoka wapi. Mvua inayonyesha milima ya Kisii haikai Kisii. Inateremka na Mto Kuja hadi Nyatike, na watu wa huko wanajua mafuriko yake kuliko mimi. Kila kijito kinachouendea mto huo lazima kivuke barabara ya mtu mahali fulani, na kikikuta kalvati limeziba, kitapita juu. Nao ule udongo mweusi wa mabondeni kwetu una tabia zake: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka mpaka kwato ya ng'ombe inazama. Lami iliyotandikwa juu yake ni kama mkeka chini ya mtu anayegaagaa usingizini. Ufa mdogo ukiachwa, maji yanaingia, kokoto za chini zinalegea, gurudumu linapita likizikanyaga, na siku ya tatu mnaitwa mje na toroli.

Na siku ya kuziba, zibeni kama watu. Nimewaona wanaomwaga lami juu ya maji na vumbi, wakaipiga kwa mgongo wa beleshi, wakapanda gari wakaenda. Hicho si kiraka, ni kifuniko. Kata kingo za shimo ziwe wima na umbo liwe la mraba, mpaka ufike kwenye lami nzima isiyobonyea. Toa maji, fagia vumbi mpaka pembeni. Paka lami ya maji chini na ubavuni ili kiraka kipate kushika. Jaza kwa tabaka, shindilia kila tabaka, na juu uache kinundu kidogo, kwa sababu magari yatamalizia kushindilia. Shimo moja lililozibwa hivyo ni bora kuliko kumi ya kupigiwa picha.

Msichague kazi. Asubuhi utafyeka nyasi kwenye kona ili dereva amwone mtoto wa shule kabla hajamfikia. Saa nne utakuwa Awendo unaokota miwa iliyodondoka kwenye matrela, na kuparuza tope la shambani lililoganda kwenye lami. Mchana utapaka tuta rangi. Jioni utaitwa kuondoa mzoga wa punda. Ukiona mahali pa kibao cha kona pamebaki nguzo tupu, toa taarifa siku hiyo hiyo. Aliyekiuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu alipata pesa ya chai, na deni amemwachia mgeni atakayeifikia kona ile usiku.

Sasa sikilizeni habari ya mwili wenu. Barabara ya kutoka mpakani Isebania kuelekea Rongo na Kisii haina saa ya kulala. Malori yanateremka na mizigo, bodaboda wanajipenyeza, matatu inakimbizana na abiria. Usiipe barabara mgongo. Ukishika kibao cha Simama na Nenda, simama pale dereva atakapokuona kwa mbali, miguu iwe nje ya njia yake, na ujue mapema utarukia upande gani. Wewe na mwenzako wa upande wa pili muonane. Kona ikiwatenganisha, tafuteni mtu wa tatu asimame katikati. Na simu iwe mfukoni. Kushika kibao si kazi ya mvivu. Ni wewe peke yako unayeweza kuyaambia magari mawili yasikutane.

Mnajua desturi ya lori likiharibika: dereva anavunja matawi ayaweke nyuma kuonya wengine, anategea gurudumu kwa mawe. Lori linapona, linaondoka, mawe yanabaki. Alfajiri moja nilikuta jiwe la namna hiyo limelala katikati ya njia, na hatua chache mbele pikipiki imelala ubavu. Kijana alivunjika mguu, Mungu alimhurumia. Tangu siku ile sijawahi kuliruka jiwe barabarani, hata nikiwa na nguo za kanisani. Nanyi msiliruke.

Likipinduka lori la mafuta, kazi yenu ya kwanza ni kuwazuia watu, ya kufagia itasubiri. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo, watu walikwenda na mitungi kuteka petroli iliyomwagika. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Watu watawatukana kwa kuwakataza. Kubalini matusi.

La mwisho ni la mkono safi. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya ina shilingi 25 za kutunza barabara. Hata mwenye pikipiki anayeweka lita moja pale Mbita amechangia. Basi dizeli ya greda ikiuzwa kwa mtungi nyuma ya ghala, msidhani ni mali ya serikali isiyo na mwenyewe. Na anayekaa kwenye mizani ajue hivi: sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli yenye magurudumu manne. Ekseli ikibebeshwa mara mbili ya hapo, barabara haiumii mara mbili. Kwa hesabu ya wahandisi huumia kama mara 16. Ukifumba jicho kwa noti moja, umewachimbia wenzako mashimo ya mwaka mzima.

Hamtashukuriwa. Anayepita penye mashimo atawataja kwa majina, na anayepita pasipo na shimo hatajua mlikuwepo. Juzi nilipita kipande changu cha zamani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ilikuwa kavu. Nikaingiza mkongojo kwenye nyasi za mtaro kama nilivyozoea. Ukashuka mpaka chini bila kukwama popote. Sijui ni nani aliyezibua, wala hakuna aliyeniambia.

Nendeni mkawe huyo. Mungu awatangulie, na Jumatatu mfike kabla ya jua.