Mawazo na Mzigo

Waswahili wanaposema "fulani ana mawazo", hawana maana kwamba ni mwanafalsafa. Wana maana kwamba halali usingizi na chakula hakimpiti kooni. Ng'ombe wa Karatu hucheua majani akatoa maziwa. Binadamu hucheua huzuni ya jana akapata huzuni ya leo.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa Marekani, alianza kufundisha wagonjwa huko Massachusetts tafakari aliyojifunza kwa Wabudha, akiiacha dini kando. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliigeuza kuwa mafunzo ya wiki 8 ya kuzuia sonona isirudi. Mtu hutulia, hufuata pumzi yake, na wazo likija hulitazama likipita kama ukungu juu ya kreta ya Ngorongoro. Utafiti ulionyesha kwamba njia hii huwafaa hasa walioangushwa na ugonjwa huo mara 3 au zaidi. Aliye kitandani leo hana budi kumwona daktari kwanza.

Lakini msomaji, je, ni haki kumwambia atazame pumzi yake mtu ambaye huzuni yake ina chanzo? Yupo mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, bei imeanguka na deni limesimama. Yupo mfugaji wa Ngorongoro anayewaza majirani walioanza kuhamia Msomera, Handeni, mwezi Juni 2022, asijue kesho yake mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwambia kwamba hayo ni mawazo tu.

Nadhani jibu limo katika kile kilichoachwa kando. Katika njia ya Buddha yenye sehemu 8, uangalifu wa nia ni sehemu moja. Zimo pia kusema kwa haki, kutenda kwa haki na kupata riziki kwa haki. Hospitali ilifanya vema kuchukua moja, maana mgonjwa hapaswi kubadili dini ili apone. Hata hivyo, moja si nane.

Wazo linalosema "mimi si kitu" ni la uongo, na liachwe lipite. Wazo linalosema "nina deni" ni la kweli, nalo halipiti kwa kutazamwa. Hilo la pili lataka majirani, ushirika na kikao cha kijiji. Anayemfundisha mwenzake kutulia, kisha asimsaidie kubeba, amefanya nusu ya kazi.