Kabla ya kununua fleti Dubai, gonga chungu kwanza

 

Ndugu Waislamu, juma hili tuzungumze juu ya jambo linalosikika sana siku hizi, kwenye simu zetu na hata kwenye baraza za misikiti baada ya swala ya Ijumaa. Ni hili la kununua fleti ndogo nchi za nje, hususan Dubai. Unaambiwa uweke kianzio, umalizie kwa awamu, upangishe, upate na ukaazi. Wengi wanauliza: je, inafaa kisheria?

Mimi swali hili lilinikuta mahali ambapo sikulitarajia. Nilikuwa likizo nyumbani Ikombe, ng'ambo ya Matema, pale Milima ya Livingstone inaposhuka hadi ndani ya Ziwa Nyasa. Vyungu vyekundu mnavyoviona Kyela na Mbeya mjini vingi vinafinyangwa na mama zetu wa Kikisi wa huko, kisha vinavushwa kwa mitumbwi kwenda sokoni.

Jirani yetu mmoja, mama mfinyanzi, aliniita. Mwanawe wa pekee wa kiume anafanya kazi Dubai. Alikuwa ameleta ujumbe kwamba liuzwe shamba la kakao alilowaachia marehemu baba yao, fedha zitumwe, yeye alipie kianzio cha fleti ya chumba kimoja ambayo bado iko kwenye mchoro. Kijana hakuwa mjinga. Aliona kuwa bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, halafu mwaka 2025 ikaanza kushuka. Akasema tuuze sasa, kabla shamba halijapoteza thamani. Mama akanikabidhi simu, akasema: "Ustadhi, wewe umesoma. Hebu nisomee haya."

Nikamsomea yote. Aliponyamaza kidogo, aliuliza swali moja tu: "Hiyo nyumba ameshaigonga?"

Aliyewahi kununua chungu anaelewa. Mnunuzi hugonga chungu kwa kidole, akasikiliza. Kilichoiva kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kukwama. Na hili lina asili katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Akamkemea muuzaji, kwa nini hakuuweka juu watu wauone.

Basi tugonge. Mgongo wa kwanza: kitu chenyewe kipo? Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza asicho nacho. Lakini wanazuoni hawakufunga mlango wa kuagiza kitu kitakachotengenezwa. Mkataba huo unaitwa istisnaa, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1992 liliupitisha kwa masharti: sifa za kitu zibainishwe na muda wa kukikabidhi ujulikane. Malipo yanaweza kuwa ya awamu. Ndivyo mama zetu wanavyopokea oda ya vyungu: ukubwa, idadi, bei na siku ya kuchukua.

Dubai iliruhusu kwa sheria ya mwaka 2006 wageni wamiliki nyumba moja kwa moja katika maeneo maalumu yaliyotengwa. Mwaka 2007 ikaja sheria ya kuwataka wajenzi waweke fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu ya mradi, na mwaka 2008 ikaja ya kusajili nyumba ambazo hazijakwisha. Hata hivyo, msukosuko wa fedha wa 2008 na 2009 ulipoingia, bei ziliporomoka na miradi mingi ikasimama. Kwa hiyo usitosheke na picha za kuvutia. Uliza: mradi umesajiliwa? Fedha zangu zinaingia akaunti ya mradi au mfukoni mwa dalali? Jina langu litaandikwa katika daftari la ardhi la serikali lini? Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika na kushuhudisha deni la muda. Basi tuisome na mikataba yetu kabla ya kutia saini.

Mgongo wa pili: unalipaje? Kulipa kwa awamu kwa bei iliyokwishakubaliwa si riba. Riba inaingia pale unapokopa benki kwa faida juu ya mkopo, au mkataba unapoongeza deni kila ukichelewa. Na hesabu isiishie kwenye bei. Kuna ada ya asilimia 4 ya kuhamisha umiliki, na kuna gharama za kila mwaka za kutunza jengo, mpangaji awepo asiwepo. Kuhusu ukaazi, ule wa miaka 10 wanaouita wa dhahabu unataka mali ya dirham milioni 2. Fleti ya chumba kimoja kwa kawaida haifiki huko. Na ukaazi si uraia.

Mgongo wa tatu ndio uliotoa sauti ya ufa: fedha za kununulia ni za nani? Marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wa kike watatu. Wazazi wake walikwishatangulia mbele ya haki, na hakuacha deni wala wasia. Suratun Nisaa imekwishagawa. Likatwe shamba lile mafungu 40: mama apate 5, kijana 14, na kila binti 7. Mabinti peke yao wana mafungu 21. Zaidi ya nusu ya shamba ni ya hao dada watatu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa!

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunauliza kama fleti ni halali, na fleti yenyewe haina tatizo. Haramu inakuwa imeshapita mlangoni mapema, katika shamba la yatima, katika haki ya dada aliyeolewa ambaye tunasema "huyo ana kwake". Tunakimbilia kujua sheria za ardhi za nchi ya watu huku tumeiweka kando sheria ya mirathi iliyoteremshwa na Mola wetu.

Nilimwandikia kijana mgawanyo ule, fungu kwa fungu. Nikamwambia: gaweni kwanza. Ukitaka kuuza mafungu yako 14 ni haki yako, na dada zako wakikuazima au kukuunga mkono kwa ridhaa zao, muandikishiane. Fikiria na siku utakayofariki wewe, kwani warithi wako watalazimika kufuata fleti hiyo kwenye mahakama za huko, na huenda hawajui hata jina la jengo. Waandikie.

Alikaa kimya siku nyingi. Mama akaanza kulaumu nafsi yake kuwa amemvunja moyo mwanawe aliye ugenini. Kisha likaja jibu fupi: "Ustadhi, niitie dada zangu." Kikao bado hakijafanyika, na sijui watakubaliana nini. Kakao bado ipo shambani.

Wewe msomaji uliye Dar es Salaam, Tanga au Mbeya mjini, labda mkataba uko mezani kwako sasa hivi. Kabla hujatia saini, gonga mara tatu. Ukisikia sauti ya ufa, usijifanye hukuisikia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, hapa na ugenini, na atuepushe kula haki za wenzetu. Amin.