Tuta la Nyumbani

Ukipita kwenye bustani za mboga zilizobaki pembezoni mwa Dar es Salaam, Toangoma na Chamazi upande wa Temeke, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, utakuta matuta yamepangwa kama mistari ya daftari: mchicha, matembele, chainizi, mnavu, bamia kidogo pembeni. Ukizoeleka, ukaaminiwa, kuna tuta moja utaonyeshwa ambalo halifanani na mengine. Majani yake yana matundu. Mengine yamejikunja, mengine yana vidukari kwa chini. Tuta hilo haliuzwi. Ni la nyumbani.

Si kila mkulima analo, na sitaki kumsingizia yeyote. Lakini nimeliona mara za kutosha, nikizunguka na dodoso langu la utafiti wa shahada ya umahiri, hata likaacha kuwa jibu la kujaza kwenye fomu likawa swali la kulala nalo. Mama mmoja alinieleza bila kuficha.

"Haya ya soko tunapiga dawa. Hili tunachuma wenyewe, la watoto."

"Na mteja naye si anakula, mama?"

"Anakula, mwanangu. Ila mteja anakula kwa macho kwanza. Mpelekee jani lenye tundu uone kama atalishika."

Je, mama huyu anakosea? Na kama anakosea, anamkosea nani, na anakosea peke yake?

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chetu kimekwisha kutoa hukumu kabla hatujafika mahakamani. Kwenye nyaraka za serikali kile kinachotiwa kwenye bomba la mgongoni kinaitwa kiuatilifu. Bustanini kinaitwa dawa, neno lile lile tunalotumia kwa panadoli ya mtoto. Chupa ikiachwa karibu na mtoto huyo huyo, kinakuwa sumu. Mtu mmoja, asubuhi moja, anaweza kutumia maneno yote matatu. Akipulizia, anatibu. Akimwonya mwanawe, anakiri. Kwa hiyo utetezi wa kwanza tunaozoea kuwapa wakulima wadogo, kwamba "hawajui", haufai hapa. Tuta la nyumbani ndilo ushahidi. Asiyejua hatengi.

Anachokosa ni ujuzi wa kina: kiasi gani kinadhuru, kwa muda gani, dawa ipi inakaa juu ya jani na ipi inaingia ndani ya mmea. Ujuzi huo uko kwenye lebo, na dawa inayopimwa kwa rejareja kwenye chupa ya soda haina lebo. Sheria ipo. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya Arusha, TPRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaleta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Lakini kusajili chupa ni jambo moja. Usajili haumwambii mnunuzi wa Mbagala Rangi Tatu kwamba fungu aliloshika lilipuliziwa juzi.

Utetezi wa pili ni wa shida, na huu una uzito. Lebo ya dawa huweka siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Hutofautiana kwa dawa na kwa zao: siku chache kwa baadhi, wiki mbili na zaidi kwa nyingine. Sasa chukua mchicha wa kung'oa, ambao huwa tayari wiki tatu mpaka nne tangu kupandwa. Dawa ya kusubiri siku 14 inameza nusu ya maisha ya mchicha wa siku 28. Matembele ndiyo magumu zaidi. Unachuma, yanachipua, unachuma tena baada ya wiki moja au mbili. Kwa zao la namna hiyo hakuna siku iliyo mbali na mavuno. Wakati mwenye bustani anasubiri kama lebo inavyotaka, viwavi hawasubiri, wala ada ya shule haisubiri.

Hata hivyo shida hueleza kitendo. Haikifanyi kuwa halali. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeishi Königsberg katika karne ya 18, alitaka kila mtu ajiulize kama angeridhia kanuni anayoifuata iwe kanuni ya wote. Tumpe mama yetu mtihani huo. Kanuni yake ni hii: nitauza kile nisichompa mwanangu. Ikiwa ya wote, muuza maziwa naye atakuwa na debe lake la nyumbani, muuza samaki na ndoo yake, fundi wa bodaboda na breki anazofungia pikipiki ya mdogo wake tu. Mwanawe mama huyu hunywa maziwa aliyokamuliwa na mgeni, huvuka barabara akitegemea breki za mgeni. Anaishi kwa uaminifu ule ule ambao tuta lake linaupunguza.

Najua kuna jibu. Mzazi gani hampendelei mwanawe? Mchinjaji akipeleka steki nyumbani akatuuzia mifupa, hatumwiti mkatili. Ni kweli, lakini kuna tofauti kati ya kupendelea na kukwepesha. Ukimwongezea mwanao nyama, wangu hajapungukiwa na haki yake. Nimenunua mifupa nikijua ni mifupa. Ukimwondolea mwanao hatari uliyoitia mwenyewe kwenye sahani ya wangu, na mimi sina habari, hapo umehamisha mzigo kwa mtu asiyejua kwamba anaubeba.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nimeitafakari methali hii kwa muda, kwa sababu kwenye bustani inasomeka kama imeandikwa kwa ajili ya wachuma mboga. Nguvu yake ya kuonya inatokana na dhana moja: kwamba mtu na chungu chake hawatengani. Ukileta balaa, litaingia kwenye sufuria yako, nawe utaketi na watoto wako mlile. Mji unavunja dhana hiyo. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na katika wingi huo mchuma anaweza kuwapa janga wageni akabaki na mboga safi. Kijijini anayekula mchicha wako utakutana naye msibani. Mjini humjui, na usiyemjua ni rahisi kumpunguza akawa bei.

Ila methali haijashindwa kabisa. Angalia anavyopulizia: kanga kiunoni, ndala miguuni, hana glovu wala barakoa, upepo wa jioni unamrudishia mvuke usoni. Bomba likivuja linavuja mgongoni kwake. Dawa inapita kwenye ngozi na pumzi kabla haijafika kwenye jani. Nguo hizo anarudi nazo nyumbani, anampakata mtoto. Ameilinda sahani, lakini mwili wake mwenyewe uko mstari wa mbele kuliko wa mteja yeyote. Janga analolichuma analila na wa kwao kweli, kwa njia ambayo tuta la nyumbani haliwezi kuziba.

Na sisi wanunuzi je? Sisi nasi tuna matuta yetu. Mwenye uwezo ananunua mboga iliyoandikwa "organiki" kwenye friji la supamaketi upande wa Masaki, anafunga mlango wa gari. Asiye na uwezo analoweka mchicha kwenye maji ya chumvi, jambo linalosaidia kwa dawa iliyobaki juu ya jani lakini halifiki kwenye ile iliyokwisha kuingia ndani ya mmea. Mwingine anapanda matembele kwenye ndoo za rangi kibarazani. Kila mmoja anatafuta kinga ya familia yake, na akishaipata hasira yake inapoa. Tunamlaumu mama wa Toangoma kwa kutenga tuta, ilhali jiji zima linaishi kwa kutenga.

Tena sisi ndio tuliotunga sheria ya tundu. Nimesimama kwenye soko la Tegeta Nyuki nikitazama mikono ya wanunuzi: inafungua fungu, inageuza majani, inaacha lenye tundu, inachukua lililo kamili. Hakuna anayesema neno. Mchuuzi anaona, kesho anamwambia mkulima, mkulima anaongeza kipimo. Amri ya kupulizia inatoka kwenye vidole vyetu.

Kuona tundu kama kasoro ni uamuzi wetu, kama ilivyo kuita mmea gugu. Mchicha tunaoumwagilia asubuhi na jioni una ndugu yake, Amaranthus palmeri, ambaye kwa wakulima wa pamba wa kusini mwa Marekani ni miongoni mwa magugu yanayoogopwa zaidi. Amekwisha kujenga usugu dhidi ya dawa maarufu ya magugu, glaifoseti. Mnavu, ambao kwetu ni mboga, kwingine unang'olewa na kutupwa. Mmea haubadiliki, anayebadilika ni anayeutazama. Na jicho likiweza kujifunza kuchukia tundu, laweza kujifunza kulivumilia.

Sisemi tundu ni cheti cha usalama. Jani laweza kuwa na tundu na sumu vyote viwili. Ninachosema ni kwamba mnunuzi anayedai jani lisiloguswa na mdudu hata mmoja, kwa bei ya jana, amekwisha kuchagua namna litakavyolindwa, hata kama hakulitamka.

Mtu atauliza: kwani kuna njia nyingine, au ni sumu ama njaa? Njia zipo, na historia ya muhogo inatufundisha zina tabia gani. Mwaka 1973 mdudu mweupe kama unga, kidung'ata wa muhogo, alionekana Kongo, akaanza kula mihogo ya nchi hadi nchi. Alitoka Amerika ya Kusini, na huku hakuwa na adui. Mswisi Hans Rudolf Herren na wenzake wa taasisi ya IITA, Nigeria, walimfuata adui huyo kwao: nyigu mdogo wa Paraguay, Anagyrus lopezi, anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Nyigu waliachiwa, wakaenea wenyewe. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kinachonigusa ni kwamba mkulima hakununua chochote. Nyigu hakuuliza shamba la nani, wala hapakuwa na tuta la nyumbani na tuta la soko.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, alioueleza H. H. Storey mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, unafundisha hilo kwa upande mwingine. Ni virusi, hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Kinga ni mbegu safi, aina zinazovumilia, na kung'oa mimea inayoumwa. Ukisafisha shamba lako, jirani akabaki na mihogo migonjwa, inzi weupe watakurudishia. Na kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa ICIPE walipanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni: moja linafukuza nondo wa funza wa mabua na kudhibiti kiduha, jingine linawavuta nje ya shamba. Njia hizi zinaomba muda, na nyingi zinaomba majirani.

Hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo mkulima wa pembezoni mwa Dar hana. Wengi wanalima kwenye viwanja vya watu wengine, wanavilinda mpaka mwenyewe alete tofali, au bondeni ambako hakuna anayewahakikishia msimu ujao. Mwarobaini wa kutoa mbegu za kutengenezea dawa unahitaji miaka kukua. Nani atapanda mti kwenye ardhi ambayo greda linaweza kufika Jumatatu? Na hata akisaga majani ya mwarobaini, dawa hiyo huharibika upesi juani, inabidi irudiwe, na wadudu wa jirani wanahamia kwake. Bomba ni zana ya mtu aliye peke yake na mwenye haraka. Tumewafanya wawe peke yao na wawe na haraka, halafu tunashangaa wanachokibeba mgongoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, anakosea. Kumlisha mtu kile unachomwepusha mwanao, bila kumwambia, ni kumvunjia utu wake, na umaskini hauondoi hilo. Kusema maskini hawana wajibu wa maadili ni kuwadharau. Lakini kosa hilo ni la mnyororo, na mkubwa wa lawama si yule aliye shambani. Anayedai jani kamili analo fungu lake. Anayepima sumu kwenye chupa ya soda analo. Anayepanga mji kana kwamba mboga hushuka na mvua analo kubwa zaidi.

Mnunuzi anaweza kuanza na maneno mawili: "Umepuliza lini?" Yaulizwe bila ukali, na yafuatwe na pesa. Mkulima akijibu kwamba amesubiri, na majani yake yana matundu, alipwe bei ile ile ya majani mazima. Swali lisilo na bei ni mahubiri, na wakulima wamehubiriwa vya kutosha. Wakiulizwa na mmoja watacheka. Wakiulizwa na foleni nzima, wiki baada ya wiki, watahesabu upya, kama walivyohesabu walipoona vidole vyetu vikiruka matundu.

Katika jamii nyingi za kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kisha humkabidhi kibuyu. Sisi tunakula kila siku kwa watu wasioweza kuonja mbele yetu. Kilichobaki ni kuulizana, na kumlipa anayesema kweli.