Nguvu Hizi ni kwa Faida ya Nani?

Mwaka jana, baada ya mavuno, mtoto mmoja wa hapa Kabungu alijifunga kanga ya mama yake shingoni, akapanda juu ya kihenge cha mahindi, akaruka. Hakuteleza. Alikusudia kwenda angani. Alianguka chini akavunjika mkono wa kushoto. Mtoto huyo ana umri wa miaka tisa.

Sisi wazee wa mtaa tulipopata habari hizo hatukukawia kutoa hukumu. Tulisema kosa ni la kibanda cha video, ambako watoto hutoa sarafu chache na kutazama mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, wavaao nguo za kubana na mashuka mgongoni. Wengine wetu walitaka kibanda kifungwe siku hiyo hiyo. Mtoto naye alikaripiwa na karibu kila mtu aliyekwenda kumpa pole. Siku ya nne ndipo bibi yake alipomwuliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: “Mjukuu wangu, ulitaka kwenda wapi?” Mtoto akajibu kwamba alitaka kujifunza kuruka, ili mdogo wake akiugua tena usiku ampeleke zahanati upesi. Maana mara ya mwisho baba alimsukuma mgonjwa juu ya baiskeli njia nzima, na mama akifuata nyuma akilia.

Jibu hilo lilitunyamazisha, na ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Twataka kuuliza swali ambalo tulipaswa kumwuliza mtoto kabla ya kumkaripia. Mashujaa hawa walizaliwa katika vitabu vya katuni. Walipotolewa kwenye karatasi wakaingizwa kwenye televisheni, walipata nini na walipoteza nini? Na nguvu zao ambazo watoto wetu wanazitamani, ni kwa faida ya nani?

Hebu tuanze na yule wa kwanza. Superman alitokea katika gazeti la katuni la Marekani mwezi Juni 1938. Waliomtunga ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Yafaa tukumbuke kwamba hapo mwanzo hata yeye hakuruka angani kama ndege. Alichupa tu, ingawa alichupa mbali sana. Kuruka alikuja kuongezewa baadaye, kadiri hadithi yake ilivyozidi kusimuliwa. Jambo hilo halikumgharimu mtu kitu, maana karatasi haina gharama ya namna hiyo. Mchoraji akitaka kuchora mji mzima unaowaka moto, atatumia wino ule ule ambao angeutumia kuchora kibanda kimoja cha nyasi. Kwa hiyo katika vitabu nguvu za mashujaa zilizidi kukua mwaka hata mwaka, mpaka ikawa vigumu kupata adui wa kuwatosha.

Lakini tazameni yaliyowapata watungaji wenyewe. Siegel na Shuster waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani alikuwa mali ya kampuni, nao wawili wakabaki na shida. Ni mwaka 1975, baada ya wachoraji wenzao kuwapigia kelele hadharani, ndipo walipopatiwa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Superman hakuweza kuwaokoa. Waliokolewa na wenzao waliokataa kunyamaza.

Televisheni ni kitu kingine kabisa. Televisheni yahitaji mwili wa mtu. Kati ya mwaka 1952 na 1958 Superman aliigizwa na George Reeves, mtu wa nyama na mifupa kama sisi. Ili aonekane anaruka ilibidi afungwe nyaya na kuninginizwa, na imesimuliwa kwamba siku moja nyaya zilimwachia akaanguka. Baada ya hapo waigizaji walitafuta njia nyingine, kama vile kuruka kutoka kwenye ubao wa kuchupia. Tunapotazama kioo hatuoni nyaya wala ubao. Mtoto wetu naye hakuviona, na hakuna mkubwa aliyeketi karibu naye kumwambia kwamba vipo.

Hata udhaifu wa Superman ulitoka nje ya kitabu. Lile jiwe la kijani kutoka sayari yake, ambalo humwondolea nguvu zote, lilianza kusikika katika mchezo wa redio mwaka 1943, kisha ndipo vitabu vikalichukua mwaka 1949. Ilionekana kwamba shujaa asiyeweza kuumia hana hadithi.

Jambo hili si geni kwetu Waswahili. Watu wa pwani wamesimulia kwa karne nyingi habari za Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumpata mahali popote ila kitovuni, tena kwa sindano ya shaba. Aliyemchoma hakuwa adui wa mbali bali mwanawe wa kumzaa, aliyedanganywa kwa ahadi. Samsoni naye twajua jinsi alivyotoa siri yake. Na huku kwetu wazee husimulia juu ya Katabi, mwindaji ambaye jina lake limebaki katika ziwa, mbuga na mkoa wetu. Hadithi yake nayo imefungwa mahali pamoja, penye mkwaju kando ya ziwa. Wazee hawakutaka shujaa asiye na mpaka. Mtu asiye na mpaka hana haja na jirani, na asiye na haja na jirani ni hatari, hata kama leo yuko upande wetu.

Sasa tuje kwa mfano ambao twaona unafundisha zaidi kuliko yote. Mwaka 1962 Stan Lee na Jack Kirby walitoa kitabu cha katuni juu ya Hulk. Mtaalamu mmoja wa sayansi anaunda bomu kwa ajili ya jeshi. Siku ya majaribio anakimbia kumwokoa kijana aliyeingia uwanjani, naye anapigwa na mionzi. Tangu hapo akikasirika hugeuka jitu kubwa. Katika vitabu jitu hilo husema, huchupa maili nyingi na kupigana na majeshi.

Mwaka 1977 Kenneth Johnson alipewa kazi ya kumwingiza Hulk katika televisheni. Fedha za kuonyesha majeshi na miji inayobomoka hazikuwapo. Johnson hakutaka vita hivyo pia. Alimwondolea jitu maneno, akampunguzia nguvu, akaacha kabisa habari za bomu. Badala yake alitunga habari ya daktari aliyempoteza mkewe katika ajali ya gari, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuliinua gari lile. Kwa uchungu huo daktari akaanza kuchunguza ni kwa nini watu wengine wa kawaida, wakiona mpendwa wao anakufa, hupata ghafla nguvu wasizokuwa nazo. Akajijaribu mwenyewe, akakosea kipimo.

Ndugu wasomaji, tulipoifahamu habari hii tulimkumbuka mtoto wetu juu ya kihenge. Katika kitabu nguvu zilitoka kwenye silaha. Katika televisheni zilitoka kwenye huzuni ya mtu aliyeshindwa kusaidia. Basi kwa kumpunguza shujaa, walimleta karibu nasi. Katika vipindi vilivyoendelea hadi mwaka 1982, daktari huyo, aliyeigizwa na Bill Bixby, alitembea mji hadi mji akifanya vibarua. Mara nyingi aliokutana nao ni watu wa kawaida: mtoto anayepigwa nyumbani, mfanyakazi anayeonewa, mlevi anayetaka kuacha. Mwisho wa kipindi alirudi barabarani peke yake na mkoba wake, akiomba lifti. Jitu lenyewe liliigizwa na Lou Ferrigno, ambaye alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni. Umaskini wa televisheni uliwalazimisha watungaji kuuacha mji unaowaka na kutazama mlango wa jirani.

Wako watakaotupinga, na hoja zao ni nzito. Hoja ya kwanza ni kwamba hadithi zote za namna hii, ziwe za karatasi au za kioo, hufundisha watu kungoja mkombozi kutoka mbali. Watu wanasimama wakitazama juu, shujaa anashuka, anapiga, anaondoka. Wao wanapiga makofi. Kijiji kinachofikiri hivyo hakitachimba hata kisima. Twakubali kwamba hatari hiyo ipo. Lakini mtoto wetu hakupanda kihengeni kungoja mtu. Yeye ndiye aliyetaka kwenda. Hadithi ile ile inaweza kumlaza mtu au kumwamsha, na mara nyingi tofauti hutokana na mazungumzo yanayofuata, au kukosekana kwake.

Hoja ya pili ni kwamba mashujaa hawa ni wa kigeni. Ni kweli. Kwetu Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, hivyo wageni hawa walitufikia kwa wingi na kwa pamoja, hatukupata nafasi ya kuwapokea mmoja mmoja. Hata hivyo Waswahili hatukupokea bila kugeuza. Katika vibanda vya video kulikuwa na wasimuliaji walioeleza sinema kwa Kiswahili huku ikiendelea; mashuhuri kati yao alikuwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyeitwa Lufufu. Msimuliaji wa namna hiyo hafasiri neno kwa neno. Huongeza mzaha, humpa mgeni tabia za mtaani, hutoa onyo. Yeye naye anamshusha shujaa aketi nasi mkekani.

Aidha tusisahau kwamba katuni zetu wenyewe zilipenda watu wadogo. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, hakuwa na misuli. Wale wa gazeti la Sani, akina Madenge na Lodi Lofa, walituchekesha kwa makosa yao. Na huko Kenya mwaka 2010 kilitoka kitabu cha katuni kiitwacho Shujaaz, ambacho mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Nguvu yake yote ni kuwapasha vijana wenzake habari zinazowafaa.

Basi tufanye nini? Hatusemi kibanda kifungwe. Twasema wakubwa tusiwaache watoto peke yao na kioo. Tukae nao mara moja moja, na kipindi kikiisha tuwaulize maswali matatu. La kwanza, nguvu zake zimemfaa nani? La pili, amelipa gharama gani? La tatu, wale wengine waliokuwapo wamefanya nini? Shujaa asiyeweza kujibu maswali hayo ni mbabe tu mwenye nguo nzuri, na watoto wataligundua hilo wenyewe.

Swali la tatu ndilo gumu zaidi, maana latuhusu na sisi. Usiku ule baiskeli ilipopita na mgonjwa, ilipita mbele ya nyumba zetu. Tulikuwa tumelala, au tulisikia tukageukia upande wa pili. Mtoto alitamani kuruka kwa sababu aliona hakuna mtu mwingine barabarani.

Mkono wake umepona, ingawa haunyooki vizuri. Wenye pikipiki watano wa mtaa wetu wamekubaliana kupokezana zamu za usiku, na anayeshika zamu huweka akiba ya lita moja ya petroli isiyoguswa mpaka asubuhi. Ni jambo dogo, na bado hatujui kama litadumu. Bibi wa mtoto ndiye anayetunza orodha ya zamu, na tumesikia kwamba mjukuu wake huisoma kila jioni kwa sauti, ili kila mwenye zamu asikie jina lake.