Upendo na Msaada: Asili na Maana ya Neno Charity

Neno la Kiingereza charity, ambalo leo hutaja msaada wanaopewa wahitaji au chama kinachoutoa, hapo awali lilitaja jambo la moyoni. Asili yake ni neno la Kilatini caritas, lililotokana na carus, yaani kipenzi au chenye thamani kubwa, nalo liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa. Katika Vulgata, tafsiri ya kale ya Biblia kwa Kilatini, caritas ndilo lililotumika mara nyingi mahali pa agape, neno la Kigiriki ambalo Wakristo walilitumia kwa upendo wa Mungu kwa wanadamu na wa wanadamu wao kwa wao.

Kwamba upendo huo haukuwa sawa na utoaji, kunadhihirika katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, ambamo Paulo anafundisha kuwa mtu aweza kuwagawia maskini mali yake yote na bado asifaidike kitu iwapo hana upendo. Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas alieleza kwamba caritas ni urafiki wa mtu na Mungu, na kwamba sadaka ni tunda la urafiki huo.

Sheria ilishika njia nyingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1601, iliyotungwa chini ya Malkia Elizabeth I ili kudhibiti mali zilizowekwa kwa kazi za hisani, ilitaja matunzo ya wazee na maskini, shule, ukombozi wa mateka, ndoa za mabinti wasio na uwezo, hata ukarabati wa madaraja. Haikuuliza moyo wa mtoaji ulikuwaje, na ilifanya sawa, kwani hakimu hukagua matumizi ya fedha wala hawezi kukagua nia.

Hata hivyo, lisilopimika mahakamani humfikia anayepokea. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inaonya kwamba sadaka hubatilishwa na masimbulizi na maudhi, yaani tabia ya kumkumbusha mtu fadhila aliyotendewa na kumuumiza kwayo. Chakula ni kilekile, lakini aliyekila amedhalilishwa.

Huenda ikapingwa kwamba upendo hauamriki, kwa kuwa hisia hazitii amri. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alijibu kwa kutenga upendo wa hisia na upendo wa vitendo, ambao hukaa katika utashi na kwa hiyo unaweza kuwa wajibu. Jibu hilo linaafikiana na maana ya carus: anayesaidia hatakiwi kwanza kusisimkwa na huruma, bali anatakiwa kumhesabu mhitaji kuwa mtu wa thamani, na kuithibitisha hesabu hiyo kwa namna anavyotoa, kwa kumsikiliza, kumsitiri na kutomsimanga. Msaada uliokosa heshima hiyo huondoa njaa, lakini humwachia mhitaji deni ambalo hana namna ya kulilipa.